Nyimbo Tulizoziacha na Nyimbo Zilizobaki

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

Jioni moja ya mwezi wa Rajabu, baada ya swala ya Isha, wageni watatu walifika nyumbani kwetu Somanda, mjini Bariadi, kumjulia hali baba yangu. Mmoja wao alikuwa ustadhi anayewasomesha watoto wetu madrasa. Baba anakaribia umri wa miaka 80, na kwa miaka mitatu sasa kumbukumbu zake zimekuwa zikipungua. Jioni hiyo hakunitambua. Aliniita kwa jina la mdogo wake ambaye ni marehemu, akaniuliza kama pamba imekwisha kupimwa. Kisha, wageni wakiwa katikati ya mazungumzo, akaanza kugonga ubavu wa kigoda kwa kiganja chake, polepole, na akaimba.

Aliimba wimbo wa majembe, ule waimbao Wasukuma wakilima kwa pamoja. Sikuwahi kuusikia kinywani mwake tangu nipate akili, wala haukuwa ukitajwa nyumbani kwetu. Baba ni mtu aliyeacha ngoma kwa ajili ya dini yake, na jambo hilo lilikuwa sehemu ya heshima yake mtaani. Uso uliniwaka kwa aibu. Nikainuka ili nimnyamazishe. Ustadhi akanishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwache mzee. Hajui yuko wapi, lakini anajua alikuwa na nani."

Pembeni alikuwa ameketi mwanangu wa miaka 17, spika za masikioni zikiwa mahali pake pa kila siku. Alizitoa, akamsogelea babu yake, akasikiliza mpaka mwisho.

Tangu jioni ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo naamini linazihusu familia nyingi zisomazo ukurasa huu. Ni kwa sababu gani mtu hupenda nyimbo fulani ujanani, akaziacha, akapenda nyingine, kisha uzeeni zile za mwanzo zikarudi bila kuitwa? Na sisi wazazi, tunaohangaika na yale yanayoingia masikioni mwa watoto wetu, tuna uwezo gani hasa katika jambo hili?

Mtu mmoja, nyimbo tatu

Baba alizaliwa katika kijiji kimoja cha Itilima, miaka mingi kabla ya Mkoa wa Simiyu kuundwa mwaka 2012. Wakati huo eneo hilo lilikuwa upande wa Shinyanga. Kijana wa Kisukuma wa zama zile hakuchagua muziki kama mtu anavyochagua shati dukani. Aliukuta. Msimu wa kilimo, vijana walikusanyika katika vikundi vya kulima mashamba kwa zamu, na wimbo ndio uliopanga mapigo ya majembe ili yashuke kwa pamoja na mchovu asibaki nyuma. Humo ndimo ilimokulia ngoma ya bugobogobo, ambayo wachezaji wake hurusha na kudaka majembe.

Baada ya mavuno ulikuwa msimu wa mashindano ya ngoma, miezi ya Juni hadi Agosti. Usukuma umegawanyika kwa muda mrefu katika vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake inahusishwa na waganga wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Vikundi viwili huchezea uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Kwa hiyo mwimbishaji, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi, huwa mtu mkubwa. Baba alikuwa ningi kabla hajatimiza miaka 22.

Alisilimu mwaka 1972. Alipokuwa bado na kumbukumbu zake, nilimwuliza mara moja tu kwa nini aliacha ngoma, naye hakusema kuwa ni kwa sababu ya nyimbo. Alisema aliacha kwa sababu ya dawa. Katika mashindano yale, kila kikundi kilikuwa na mganga wake na dawa za kuvuta watu, na ningi ndiye aliyepakwa kwanza. "Niliona siwezi kusema Laa ilaaha illa Llah mchana, na usiku nikapakwa dawa ili watu wanifuate," aliniambia. Akaweka chini kila kitu, majembe ya ngoma na nyimbo zake, maana vilikuwa vimefungwa pamoja kwa kamba moja.

Miaka michache baadaye, fedha za pamba zilileta redio nyumbani. Mama husimulia kwamba katika kijiji kizima zilikuwepo tatu. Kwa vizazi viwili vya Watanzania Bara, Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa redio, na kupitia kwayo mkulima wa Itilima alijikuta akisikiliza muziki wa dansi wa bendi za mijini. Baba alimpenda Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro. Habari za kifo chake zilipotangazwa Januari 1979, anasema Mama, Baba alizima redio, akatoka nje na hakurudi mpaka giza lilipoingia.

Sauti ya tatu ilitoka kwa Mama mwenyewe. Yeye ni mzaliwa wa Tabora, mji uliofikiwa na Uislamu kupitia njia za misafara, na alikulia katika nyumba ambayo Maulidi yalisomwa kila mwaka na wasichana walifundishwa kupiga dufu na kuimba qasida. Alikuja Usukuma na qasida zake kama wengine wanavyokuja na masufuria. Aliziimba akipeta dengu, akimwogesha mtoto, akingoja ubwabwa uive. Kufikia miaka ya 1980 Baba alikuwa akizijua zote, naye ndiye aliyekuwa akimkumbusha Mama ubeti alioruka.

Basi mtu mmoja alipitia nyimbo tatu: ya shambani, ya redioni na ya nyumbani. Hakuna aliyemlazimisha kupenda hata mmojawapo. Na kila wimbo ulimfikia ukiwa mikononi mwa watu aliowapenda, au aliotamani kuwa kama wao.

Kwa nini ladha hubadilika

Watafiti wa nafsi ya binadamu wamelichunguza jambo hili, na baadhi ya waliyoyaona yanaafikiana na maisha ya baba yangu. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc wa Marekani alionyesha kwamba mtu huelekea kukipenda zaidi kitu anachokutana nacho mara kwa mara, hata kama kitu hicho hakina maana yoyote kwake. Aliwaonyesha watu maneno yasiyo na maana na maandishi ya lugha wasiyoijua, na yale yaliyorudiwa zaidi yalipendwa zaidi. Mazoea, kwa hiyo, ni mlango wa kwanza wa mapenzi. Mzazi anayesema "mwanangu atachoka nao tu" kuhusu wimbo unaochezwa mara 20 kwa siku, huenda anajidanganya.

Mlango wa pili ni umri. Mwaka 1989 watafiti wawili, Morris Holbrook na Robert Schindler, waliwasikilizisha watu wa rika mbalimbali vipande vya nyimbo 28 zilizovuma kati ya mwaka 1932 na 1986. Kwa wastani, nyimbo zilizopendwa zaidi zilikuwa zile zilizovuma wakati msikilizaji alipokuwa na umri wa miaka kama 24. Huo ndio umri wa kazi ya kwanza, wa uchumba na ndoa, wa marafiki wanaochaguliwa na si wa kurithi. Moyo wakati huo huwa kama udongo uliolowa: alama inayoingia hukaa.

Mlango wa tatu ni imani na nafasi ya mtu katika jamii. Aliyesilimu, aliyeoa, aliyepata mtoto, aliyezika mzazi, hasikii tena kwa sikio lile lile. Maneno ya wimbo ambayo jana yalimchekesha, leo anayaonea haya mbele ya binti yake. Hata mwili una sehemu yake: kadiri miaka inavyosonga, sikio hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu, na makelele yaliyomsisimua kijana humchosha mzee.

Mlango wa nne, ambao naona ndio unaoifungua hiyo mingine, ni watu tunaosikiliza nao.

Moto haukuunguza kila kitu

Nami sikuwa nje ya mambo haya. Nilikaa Mwanza kwa masomo na kibarua katikati ya miaka ya 1990, wakati redio za watu binafsi zilipoanza kusikika baada ya sheria kufunguliwa mwaka 1993. Nilikusanya kanda zisizopungua 60: za dansi, za Kikongo, na za vijana wa Bongo Fleva waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza. Nilipofikisha umri wa miaka 30, nikiwa nimerudi Bariadi na nimeoa, nilihudhuria darsa iliyonigusa. Usiku ule ule nilizitia kanda zote katika shimo la taka nyuma ya nyumba, nikazichoma. Mke wangu alisimama mlangoni bila kusema neno.

Sijutii nia yangu ya usiku ule. Lakini nilidhani kwamba kuchoma kanda ni kuchoma mapenzi yake, na katika hilo nilikosea. Mpaka leo, nikipita stendi na dereva mmoja akafungulia wimbo wa mwaka 1997, nalijua neno linalofuata kabla halijatamkwa. Ninachoweza kukitawala ni kama nitasimama kusikiliza au nitaendelea na safari yangu.

Wapo waliopita njia hiyo mbele ya macho ya dunia nzima. Mwimbaji wa Uingereza aliyejulikana kwa jina la Cat Stevens alisilimu mwaka 1977 akiwa katika kilele cha umaarufu, akawa Yusuf Islam. Aliacha muziki, akauza magitaa yake mnadani mwaka 1979 kwa ajili ya hisani, akaelekeza nguvu katika elimu, ikiwamo shule ya msingi ya Kiislamu aliyoianzisha London mwaka 1983. Miaka mingi baadaye mtoto wake wa kiume alileta gitaa nyumbani, naye baba akalishika tena. Mwaka 2006 akatoa albamu mpya. Kuna Waislamu waliofurahi na kuna waliosikitika. Mimi huona ajabu jambo moja tu: gitaa lilirudi kwa mkono wa mtoto.

Sikusudii hapa kutoa fatwa, maana mimi si mwenye elimu hiyo. Msomaji anajua kwamba wanazuoni wengi wa madhehebu manne wamezuia ala nyingi za muziki, na wakaruhusu dufu katika harusi na Idi. Na inajulikana Hadithi ya Bi Aisha (RA), jinsi Mtume (SAW) alivyowaacha mabinti wawili waimbe nyumbani siku ya Idi. Wapo pia waliolegeza, kama Ibn Hazm wa Andalusia. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliandikia suala la usikilizaji kitabu kizima ndani ya Ihya Ulumuddin, na miongoni mwa mambo aliyotaka msikilizaji ayaangalie ni wakati, mahali na watu alio nao. Kila familia na iwaulize wanazuoni wake. Ninachotaka kukiona hapa ni hilo la mwisho: watu alio nao.

Nyumba iliyonyamaza

Mwanangu anapenda singeli. Ni muziki uliozaliwa katika mitaa ya uswahilini ya Dar es Salaam, wenye mapigo yanayozidi 200 kwa dakika, na ulifika Bariadi ukiwa ndani ya simu na memori kadi. Mwaka jana, baada ya kusikia maneno ya wimbo mmoja wapo, nilimnyang'anya simu kwa miezi miwili. Matokeo yake yalikuja haraka. Nyumbani aliacha kuimba, nami nikajipongeza. Kisha nikagundua kwamba ameacha pia kuzungumza. Nilipomrudishia simu alinunua spika za masikioni, na tangu hapo tuliishi naye kama mpangaji.

Hapo ndipo nilipoona tofauti kati ya kizazi chake na changu. Redio ya Baba ilikuwa moja, na ilisikilizwa na nyumba nzima. Baba alisikia alichopenda, Mama akazima asichokipenda, sisi watoto tukabishana, na jirani akaleta kiti chake. Tulichukua nyimbo za wazazi wetu bila kufundishwa, na wao walijua tunachosikia bila kutupeleleza. Leo nyumba yangu ina simu nne na kila mtu ana wimbo wake. Ukipita sebuleni ni kimya kabisa. Mtoto hasikii cha mzazi, na mzazi hajui cha mtoto mpaka siku ya ugomvi.

Carol Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na mwenzake Justin Zupnick walichapisha mwaka 2013 utafiti juu ya vijana 62 wenye umri wa miaka 20 hivi. Waliwapa kusikiliza nyimbo zilizovuma Marekani tangu mwaka 1955. Kama ilivyotarajiwa, vijana walizipenda za wakati wao. Lakini walionyesha pia mapenzi na kumbukumbu za pekee kwa nyimbo za mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wazazi wao walipokuwa vijana, na vilevile kwa za miaka ya 1960, ambazo watafiti waliona huenda zilitoka kwa mababu. Vijana hawa hawakuwa wamezaliwa nyimbo hizo zilipotoka. Walizipata kwa kuwa zilisikika nyumbani walipokuwa wakikua.

Kama hilo ni kweli kwa nyimbo za kawaida, basi mzazi Mwislamu ana jambo la kulifikiria. Tumekuwa hodari wa kuorodhesha yale ambayo mtoto asiyasikie. Je, ni yapi anayoyasikia kutoka kwetu? Mama yangu aliijaza nyumba kwa qasida. Mimi niliichoma kanda yangu ya mwisho, sikuweka kitu mahali pake, nikastaajabu kwamba mwanangu ameujaza ule utupu kwa kilichopatikana.

Tulichokifanya

Baada ya jioni ile ya Rajabu, mwanangu aliniuliza swali la kwanza baada ya muda mrefu: "Babu alikuwa akiimba nini?" Nilimweleza nilichokijua, nacho kilikuwa kidogo. Akachukua simu ile ile niliyokuwa nimemnyang'anya, akaanza kumrekodi babu yake. Shangazi yangu, anayekijua Kisukuma cha zamani, alikaa nao na kuwafafanulia maneno. Ilibainika kwamba wimbo ule haukuwa na dawa wala mizimu ndani yake. Ni wimbo wa kumhimiza mvivu na kumcheka anayekuja shambani wakati wa kula. Nilipomweleza ustadhi, alisema jambo la busara: tutazame kila kamba ilifunga nini, tukate panapostahili kukatwa, tusitupe mzigo wote.

Tukapatana nyumbani mambo machache. Kati ya Magharibi na Isha hakuna mtu anayevaa spika za masikioni, nikiwamo mimi. Tunasoma Qur'ani kwa zamu, kila mmoja kwa sauti; usomaji huo si muziki na haulinganishwi nao, lakini ni sauti, na sauti ya mzazi anaposoma haifutiki masikioni mwa mtoto. Baada ya hapo, Mama huwafundisha mabinti zangu qasida zake, na Idi iliyopita walizipiga kwa dufu uani. Siku za Ijumaa, mwanangu ana ruhusa ya kutusikilizisha wimbo mmoja aupendao, kwa sharti kwamba atueleze maneno yake. Mara mbili ameanza kueleza, akatazama nyuso za dada zake, akasema, "Huu tuuache." Sikuhitaji kusema kitu.

Nisimdanganye msomaji. Mwanangu bado anapenda singeli, na akiwa na wenzake naamini anaisikiliza kuliko ninavyotaka. Ladha haibadiliki kwa amri, na umri wake ni ule ambao alama zinaingia. Lakini sasa ana kitu kingine upande wa pili wa mizani.

Baba naye anaendelea kupungua. Majina yetu yamemtoka, pamoja na kanuni za pamba na njia ya kwenda kisimani. Yamebaki mawili. Mtu akianza Alhamdulillahi Rabbil'alamin karibu naye, anaiendeleza Suratul Fatiha mpaka mwisho, kwa matamshi ya mwalimu wake wa kwanza wa mwaka 1972. Na jua likielekea kuzama hugonga kigoda chake na kuimba wimbo wa majembe. Msimu huu, tulipokuwa tukipalilia shamba letu dogo nje ya mji, niliusikia wimbo huo nyuma yangu. Nikadhani ni Baba. Nilipogeuka nilimwona mwanangu, jembe mkononi, spika za masikioni zikiwa mfukoni mwa shati, akiwahimiza dada zake wasibaki nyuma.